UFUNDI NYUMBANI: Kipima-Mwendo cha Pikipiki ya Kale

Injini ya pikipiki ikikataa kuwaka, mwenyewe hukesha nayo mpaka iwake. Breki zikilegea, huzikaza siku hiyo hiyo, maana anajua kwamba zitamwua. Lakini mshale wa kipima-mwendo ukilala juu ya sifuri usiamke tena, wengi huutazama siku mbili tatu, kisha huuzoea, na pikipiki huenda hivyo mwaka baada ya mwaka kana kwamba chombo kile kilicho mbele ya mpandaji ni pambo tu. Ndiyo sababu pikipiki nyingi za BSA, Triumph, Norton na Matchless ambazo watu wamerithi kwa baba na babu zao, au wamezinunua kwa kupenda vitu vya zamani, huwa na kipima-mwendo kilichokufa siku nyingi. Na ziko nyingine zilizo katika hali mbaya zaidi: mshale unakwenda vizuri kabisa, ila unasema uwongo.

Mtu asidhani kwamba hasara ni kutojua mwendo peke yake. Pikipiki ya namna hiyo kwa kawaida haina kipimo cha petroli. Mpandaji mwangalifu hujua kwamba tangi lake humfikisha maili kadha wa kadha, na huzisoma maili hizo katika tarakimu ndogo zilizo ndani ya kipima-mwendo. Mafuta ya injini nayo hubadilishwa kwa kuhesabu maili. Tarakimu zikisimama, petroli humwishia njiani asipotarajia, na mafuta ya injini hukaa mpaka yamekuwa meusi kama lami.

Zamani kipima-mwendo kilikuwa kitu cha kununuliwa mbali, kwa bei yake, na aliyetaka kupunguza gharama aliacha kukinunua. Mambo yalibadilika Uingereza mwaka 1935, serikali ya huko ilipoweka kikomo cha maili 30 kwa saa katika miji. Na tangu Oktoba 1937 pikipiki mpya, isipokuwa zile ndogo sana, zililazimishwa na sheria kuwa na kipima-mwendo. Kampuni iliyouza vingi kupita nyingine zote ilikuwa Smiths ya London, ambayo mwanzo wake ulikuwa duka la saa lililofunguliwa na Samuel Smith mwaka 1851. Jambo hili lafaa kukumbukwa na kila anayetaka kushika bisibisi, maana chombo walichokitengeneza watu hao wa saa kilikuwa saa kweli kweli.

Ndani ya kipima-mwendo cha aina hiyo, kiitwacho kronometriki, mna gurudumu dogo lenye springi nyembamba, nalo hucheza huku na huku kama lile la saa ya mkononi. Kazi yake ni kugawa wakati katika vipande vifupi vilivyo sawa. Katika kila kipande, magurudumu mengine ya meno huhesabu kebo imezunguka mara ngapi; hesabu ikiisha, mshale hupelekwa mahali pake na kushikwa hapo, huku chombo kikianza kuhesabu upya. Kwa hiyo mshale wa kronometriki hautembei kwa ulaini. Huruka kwa hatua, hutulia, kisha huruka tena. Na mtu akitega sikio karibu husikia sauti ya tik-tik. Wako waliopeleka chombo kizima kwa fundi kwa kuona mshale ukirukaruka namna hiyo, kumbe ulikuwa ukifanya kazi yake.

Aina ya pili ni ya sumaku, ambayo asili yake ni ugunduzi wa Mjerumani Otto Schulze wa mwaka 1902. Hapo kebo huzungusha sumaku ndani ya kikombe chepesi cha alumini. Sumaku haikigusi kikombe, lakini nguvu yake hukivuta kizunguke pamoja nayo, na springi nyembamba hukizuia. Mahali zinapolingana nguvu hizo mbili ndipo mshale unaposimama. Chombo hiki ni rahisi zaidi kutengeneza kiwandani, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kilianza kuchukua mahali pa kile cha saa katika pikipiki za Kiingereza. Mshale wake hupanda na kushuka kwa ulaini. Ukitetemeka, hiyo ni dalili ya ugonjwa.

Sasa, pikipiki iko uani na kipima-mwendo hakifanyi kazi. Kosa la kwanza la watu wengi ni kukifungua. Yafaa kuanza kwa kutazama tu. Ikiwa mshale umelala lakini tarakimu za maili zinaendelea kuhesabu, basi kebo na gia ya gurudumuni ni nzima, na ubovu umo ndani ya chombo. Ikiwa mshale unakwenda lakini maili hazihesabiwi, ubovu umo ndani vile vile, katika vijino vya kuhesabia. Ikiwa vyote viwili vimekufa pamoja, basi mara nyingi chombo hakina kosa lolote, na tatizo liko chini: ama kebo imekatika, ama gia haizunguki. Na katika kile cha sumaku, mshale ukipanda mpaka mwisho na kukataa kurudi, huenda grisi imepanda kwa kebo na kuingia kati ya sumaku na kikombe, ikavishikamanisha.

Kebo hupimwa hivi. Nati ya juu, inayoingia nyuma ya chombo, ifunguliwe. Kisha gurudumu linaloiendesha kebo liinuliwe na kuzungushwa kwa mkono. Katika pikipiki nyingine ni gurudumu la mbele, katika nyingine la nyuma, na ziko ambazo kebo hutoka katika giaboksi. Waya wa ndani ukizunguka juu, kebo ni nzima. Usipozunguka, ifunguliwe nati ya chini na kuujaribu waya kwa vidole: ukizunguka chini na juu usizunguke, umekatika katikati, na dawa yake ni kununua mwingine. Ikiwa kebo ni nzima na haizunguki, basi ubovu uko katika gia ya gurudumuni. Huko mara nyingi hukutwa kwamba vile vidole vya chuma vinavyoshikana na kitovu cha gurudumu vimelika, au kwamba mtu aliyeziba pancha alirudisha gurudumu bila kuvipanga, akakaza nati na kuvivunja. Kosa hili ni la kawaida mno.

Waya mzima uvutwe wote nje, usafishwe kwa petroli, na ulazwe juu ya meza iliyo sawa au kioo, uviringishwe polepole. Ukirukaruka, umepinda, nao utautetemesha mshale hata kama chombo ni kipya. Ncha zake za mraba zitazamwe. Zikiwa zimeviringika hazitashika. Kisha upakwe grisi kidogo wakati wa kuurudisha, lakini inchi 8 za juu zipanguswe mpaka zikauke. Waya uliosokotwa ukizunguka huipandisha grisi juu kama parafujo, na grisi hiyo ikishafika ndani ya chombo huharibu kazi yote. Mafuta ya injini yasitumiwe kamwe. Kebo nayo ipite njia isiyo na kona kali. Mpindo wowote usiwe mdogo kuliko duara lenye nusu kipenyo cha inchi 6. Anayenunua kebo mpya aipime kwa ile ya zamani, kwa sababu waya ukizidi urefu hata kidogo hukisukuma chombo kwa ndani na kuvunja mahali unapoingilia. Katika barabara za vumbi jekundu kazi hii ya kusafisha haina budi kufanywa mara kwa mara.

Ikiwa yote ya chini ni mazima, chombo chenyewe chaweza kujaribiwa mezani. Mtu mwenye keekee ya umeme iwezayo kuzunguka polepole huweka ndani yake kipande cha waya wa kebo chenye ncha ya mraba, akakizungusha chombo upande ule ule ambao kebo huzunguka pikipiki ikienda mbele. Akikosea upande huweza kukiharibu. Kipima-mwendo kilichoandikwa 1600, yaani mizunguko 1600 ya kebo kwa kila maili, chapaswa kuonyesha maili 30 kwa saa keekee ikizunguka mara 800 kwa dakika, na maili 60 ikizunguka mara 1600.

Kufungua ni jambo jingine. Pete inayoshika kioo cha kronometriki ina hesi, nayo hufunguka kwa kuzungushwa. Lakini baada ya miaka 60 au 70 huwa imeshikwa na kutu. Ipakwe mafuta mepesi ya kulegeza kutu, iachwe usiku kucha, kisha ishikwe kwa mkanda wa mpira. Koleo huipinda mara moja. Ya kile cha sumaku imekunjwa kiwandani, na kuifungua bila kuipasua kwahitaji mkono uliozoea. Ndani, mshale umekazwa juu ya mhimili mwembamba kama sindano; anayeung'oa kwa bisibisi huuvunja mhimili. Kinachoweza kufanywa nyumbani kwa usalama ni kutoa vumbi na mafuta yaliyoganda kwa petroli safi na brashi laini, na kutia tone moja moja la mafuta ya saa. Springi ikiwa imekatika au meno yamelika, chombo kipelekwe kwa fundi wa saa mwenye subira, au kwa mafundi wa vipima-mwendo ambao bado wako Uingereza na kwingineko.

Kabla ya hayo yote, hata hivyo, liko jambo la hatari ambalo wauzaji wa vitu vya zamani hawalisemi. Katika miaka ya vita na kabla yake, baadhi ya vipima-mwendo vilipakwa rangi ya kung'aa gizani iliyotiwa radiamu. Mwanga wake hufa baada ya miaka kadha kwa sababu dawa inayong'aa huchakaa. Lakini radiamu yenyewe hupungua nusu tu baada ya miaka 1600 hivi, kwa hiyo rangi ambayo haing'ai tena hutoa mionzi karibu kama siku ilipopakwa. Katika miaka ya 1920 wanawake waliopaka nyuso za saa kwa rangi hiyo huko New Jersey, Marekani, walifundishwa kuchonga ncha za brashi kwa midomo. Radiamu iliingia mifupani mwao. Taya zao zikaoza, na wengine wakafa. Basi mtu akiona tarakimu au mshale wenye rangi nene ya manjano au kahawia, yenye nyufa, na chombo ni cha miaka hiyo, asikifungue wala asiikwangue rangi hiyo. Vumbi lake likivutwa kwa pumzi au kumezwa ndilo lenye madhara makubwa. Kioo kikiwa kizima, vumbi hilo hubaki ndani. Kikiwa kimepasuka, chombo kifungwe ndani ya mfuko, kiwekwe mbali na watoto, na kikabidhiwe mtu mwenye ujuzi wa mambo hayo.

Hapo wengi watasema kwamba ni heri kununua kingine. Si shauri baya. Vinauzwa vya zamani vilivyotengenezwa upya, na vinauzwa vipya vya kuiga vinavyotoka India, ambavyo bei yake ni ndogo na umbo lake ni lile lile. Lakini pana mtego, na wanaonaswa ni wale wanaotazama umbo tu.

Vipima-mwendo havikutengenezwa vyote kwa hesabu moja. Pikipiki nyingi za Kiingereza zilizunguusha kebo kama mara 1600 kwa maili. Baadaye, hasa mwishoni mwa miaka ya 1960, ziko zilizoizungusha kama mara 1000. Tundu la kebo ni lile lile, na nati ni ile ile. Fikiri basi juu ya mtu ambaye gia yake huzungusha kebo mara 1000 kwa maili, naye amenunua sokoni chombo kizuri kilichoandikwa 1600. Akienda maili 50 kwa saa, mshale utamwonyesha 31. Sasa anaingia mjini, ambako sheria ya Kenya humruhusu kilomita 50 kwa saa. Anajua hesabu zake: kilomita 50 ni maili 31. Anaushika mshale pale pale kwenye 31, moyo wake mtulivu, kumbe anapita mbele ya shule kwa kilomita 80 kwa saa. Mtu ambaye kipima-mwendo chake kimekufa angalau hujua kwamba hajui, naye hupunguza mwendo kwa kukisia. Huyu ameamini.

Kinyume chake, chombo cha 1000 katika gia ya 1600, huonyesha 48 wakati mwendo wa kweli ni 30. Hakimwui mtu, lakini maili zake huzidi kwa zaidi ya nusu, na mwenyewe hushangaa jinsi pikipiki yake ilivyoacha kula petroli.

Nambari hiyo huandikwa kwa herufi ndogo kwenye uso wa vingi vya sumaku. Katika vya kronometriki mara nyingine hupatikana alama zinazoanza na herufi S tu, na fundi mjuzi huzisoma katika orodha zake. Tena ni lazima kuangalia kama chombo ni cha maili au cha kilomita, maana 1000 kwenye uso wa kilomita ni mizunguko 1000 kwa kilomita moja, nayo ni kama 1600 kwa maili. Kwa hiyo chombo cha kilomita chenye 1000 chafaa kabisa mahali pa kile cha maili chenye 1600, na cha maili chenye 1000 hakifai. Nambari ni moja na maana ni mbili.

Ikiwa nambari ya asili imefutika, mwenye pikipiki aweza kuipata mwenyewe bila kumwuliza mtu. Afungue kebo juu, abandike kipande kidogo cha karatasi katika ncha ya waya ili aione ikizunguka. Atie alama ya chaki kwenye gurudumu linaloendesha kebo, au lile la nyuma ikiwa kebo hutoka katika giaboksi. Gia iwe huru. Aisukume pikipiki mbele mahali palipo sawa mpaka gurudumu lizunguke mara 6 kamili, huku mwenzake akihesabu mizunguko ya waya pamoja na vipande vyake. Kisha apime kwa inchi kutoka katikati ya ekseli ya gurudumu hilo mpaka ardhi, pikipiki ikiwa imesimama juu ya tairi zake. Hesabu ya mizunguko izidishwe kwa 1680, na jibu ligawanywe kwa zile inchi. Tuseme waya ulizunguka mara 12, na kipimo ni inchi 12 na nusu: 12 mara 1680 ni 20,160; ikigawanywa kwa 12 na nusu, jibu ni karibu 1613. Huyo atafute chombo cha 1600. Kama waya ungalizunguka mara 7 na nusu, jibu lingalikuwa 1008, na chombo chake kingekuwa cha 1000.

Hesabu hiyo yaonyesha pia kwa nini tairi ndogo kuliko ya asili huufanya mshale useme zaidi ya kweli. Nusu inchi ikipungua katika inchi 13, mshale huzidi kwa karibu 4 katika kila 100. Na ikiwa kebo hutoka katika giaboksi, kubadili sproketi ya nyuma huharibu hesabu yote, jambo ambalo mafundi wengi hulifanya bila kulitaja.

Wako wapendao chombo cha kisasa cha umeme, kinachosoma sumaku iliyofungwa kwenye spoki au kinachopata habari zake kwa setilaiti. Hicho hakidanganywi na gia, lakini pikipiki nyingi za kale zina umeme wa volti 6, na vyombo vingi vya sasa vyataka 12. Tena uso wake juu ya tangi la mwaka 1955 hukaa kama kofia ya plastiki juu ya kichwa cha mzee aliyevaa kanzu.

Chombo kikiisha kufungwa, raba zake za kuzuia mtikisiko ziwe mpya, maana mtetemeko wa injini ya pistoni moja huua vipima-mwendo vingi kuliko mvua. Ndipo kijaribiwe. Simu ya mkononi yenye kupima mwendo kwa setilaiti yatosha, ikishikwa na mtu wa nyuma. Asiye nayo atafute kilomita moja iliyopimwa, katika barabara iliyonyoka na isiyo na magari. Mshale ukishikwa imara kwenye maili 30, kilomita hiyo ichukue karibu sekunde 75; kwenye maili 40, karibu sekunde 56. Kwa tarakimu za maili, safari ndefu ni kipimo bora: kutoka Nairobi hadi Nakuru ni karibu kilomita 160, yaani maili 100.

Limebaki jambo la maili zenyewe. Chombo kilichonunuliwa kwa mtu mwingine huja na maili za pikipiki nyingine, na kipya huja na sifuri. Atakayenunua pikipiki hiyo baadaye ana haki ya kujua. Siku ya kubadili, mwenyewe aandike katika kitabu cha matengenezo tarehe, maili za chombo cha zamani, na maili za kilichowekwa mahali pake. Na kile cha zamani akifunge katika kitambaa na kukiweka pamoja na karatasi za pikipiki.